Minazi Ndani ya Kioo Cheupe

Majina ya watu wa habari hii ninayo yote, na ya baba zao, na ya minazi yao. Sitayaandika. Zamani nilikuwa mwepesi wa majina. Mtu akinipitia njiani nilimtajia hata babu yake aliyezikwa yeye hajazaliwa, naye akaenda zake anacheka kwa furaha. Siku hizi nimeyafunga kwenye pindo la leso, na sababu ndiyo hii ninayoieleza.

Shamba letu liko upande wa Msambweni, ukiacha barabara kubwa ukashika njia ya mchanga inayoteremka kwenda pwani. Si kubwa. Mume wangu alilirithi kwa baba yake, na alipofariki tulimzika mle mle karibu na kisima, tukamsimamishia mashahidi wawili wa jiwe la matumbawe, mmoja kichwani na mmoja miguuni. Minazi ya pale haikupandwa ovyo. Kwetu mtoto akizaliwa na kitovu chake kikikatika, kitovu hufukiwa, juu yake hupandwa mnazi, na mnazi huo huwa wake na huitwa kwa jina lake. Ndiyo maana wageni walikuwa wakishtuka kunisikia nikisema, "Fulani kaanguka na upepo wa jana," au, "Leo mpandeni fulani mniangulie madafu." Walidhani nimechanganyikiwa.

Mimi nilisoma chuo cha Kurani nikahitimu. Shule niliionja tu, kisha ngumbaru ukubwani ndiyo iliyonipa huu mkono wa kuandika. Lakini watoto wote waliozaliwa katika mji ule, walioishi na waliokufa wangali wachanga, niliwashika kwa minazi. Nikipita shambani asubuhi huwa kama napita katikati ya watu, nikisalimu.

Mmoja wa minazi hiyo ni wa binti yangu. Yeye mwenyewe alifariki akaniachia mtoto wa kiume asiyeota hata jino. Nikamlea. Na kwa vile bibi na mjukuu ni watani, nilimwita mume wangu tangu akitambaa, naye alipojua kusema akaniita mke wangu. Akitoka shule alikuwa akisimama mlangoni mikono kiunoni.

"Mke wangu, leo umenipikia nini?"

"Nimekupikia talaka. Iko jikoni, kapakue."

Majirani walikuwa wakija kusikiliza tu hayo.

Alikuwa mtoto wa kufungua vitu. Alifungua redio ya babu yake, akafungua saa yangu ya ukutani, akafungua tochi. Vyote alivirudisha ila saa, ambayo hadi leo inakwenda inavyotaka. Alifaulu, akapelekwa chuo kikuu bara, na alipomaliza hakurudi, akaendelea na utafiti. Watu wakiniuliza anasomea nini nilisema vioo, nao wakadhani ni fundi wa madirisha.

Siku moja likizoni nikamwambia anieleze vizuri nisije nikaaibika. Akaketi barazani nami nikiwa nakuna nazi.

"Bibi, umewahi kuona dagaa majini, kundi zima?"

"Mimi? Nimezaliwa wapi?"

"Basi. Wote hutazama upande mmoja. Ukitumbukiza mkono, wote hugeuka kwa pamoja. Ndani ya kioo cha simu yako mna kitu kama hicho. Si maji, si jiwe, kiko katikati. Tunaziita fuwele za majimaji. Ni vijiti vidogo mno, vinaogelea lakini vimepangika. Umeme ukivigusa vinageuka. Vikigeuka hivi mwanga unapita, vikigeuka hivi mwanga unazuiwa. Ndipo unapoona picha."

"Na nani anaviambia vigeuke?"

Akafurahi kwa swali lile, akasogea karibu. Akasema nyuma ya hao dagaa pametandazwa utando mwembamba kuliko ngozi ya ndani ya kitunguu, na juu yake zimechorwa swichi ndogondogo zisizoonekana kwa jicho, kila swichi na kundi lake.

"Kama mwalimu wa chuo na bakora yake," nikasema.

"Hasa, mke wangu! Wewe ndiye ungefaa kutufundisha."

Na shida yake ilikuwa jua letu. Alisema vioo vingi hutengenezwa na kupimwa kwa watu wa baridi. Hapa joto na chumvi huviua mapema. Akaleta ubao uliobandikwa vipande vya vioo, kila kimoja kama kiganja cha mtoto, akautundika upenuni upande unaopigwa na upepo wa bahari. Mimi nikawa mchungaji wake. Jua likikaa utosini, vipande vingine vilizimika vikawa vyeusi kama masizi, na jioni ikipoa vikarudi. Nikampigia simu nikamwambia vimekufa na kufufuka. Akacheka. "Vijiti vinalewa joto, bibi. Vinasahau upande wa kutazama. Nitajie vilivyotangulia kulewa."

Nikavipa majina, ndiyo namna yangu ya kukumbuka. Kila asubuhi niliondoa chumvi kwa kitambaa cha maji ya moto, navisugua mpaka vinang'aa, hadi alipokuja akanikuta.

"La hawla! Bibi, usifute! Chumvi ndiyo tunayoipima!"

Tulicheka siku ile mpaka tukalia. Akaanza upya na ubao mwingine, hakunikemea. Nasema haya ili ijulikane kwamba mambo hayakuanzia kwenye uongo. Laiti yangeanzia huko, ningejua pa kuukatia.

Mwaka uliofuata alikuja akakaa sana. Na safari hii hakuja peke yake. Mwanangu wa kiume, mjomba wake, anayeishi Ukunda na kushughulika na nyumba za wageni huko Diani, akawa haondoki kwangu. Zamani nilikuwa nikimwona Idi hadi Idi. Sasa kila siku pikipiki yake ilikuwa imeegemea mkorosho wangu. Nilifurahi. Nikadhani mwana amemkumbuka mama.

Mjukuu wangu akasema kazini kwake pana wataalamu wawili wanaotaka kupima jua la shamba zima, maana kioo kinachofanya kazi uani hufanya vingine kikifika kivulini. Wakaja na chombo cha miguu mitatu. Akanishika mkono. "Twende, mke wangu. Tuanzie kule kwenye ua wa mnyaa tuzunguke kote. Na kila mnazi tukiupita utuambie ni wa nani, wanataka kujua umri wake, kivuli chake."

Hapa nieleze kitu. Kwetu shamba halipiti mkono mmoja kwenda mwingine kwa maneno ya ndani ya nyumba. Mwenyewe humchukua anayempa akamzungusha mpakani mchana kweupe, anagusa kila alama kwa kiganja, majirani wakitazama. Hiyo ndiyo kuonyesha mpaka. Shamba hili lilikuwa bado kwa jina la marehemu, halijagawanywa, na haliwezi kuuzwa hata kipande pasipo mimi kukubali. Hayo yote niliyajua. Lakini siku ile sikuwa naonyesha mpaka. Nilikuwa namtembeza mtoto wangu katikati ya ndugu zake. Kila mnazi niliugusa, ndiyo, maana ndivyo ninavyowasalimu. Huyu ni mtoto wa pili wa shangazi yako, alikufa na surua. Huyu ni baharia, hakurudi. Huyu, mume wangu, ni mama yako. Alisimama hapo kitambo, akauegemea. Wale wawili wakawa wanapiga chombo chao, naye anaandika katika simu, mnazi kwa mnazi.

Shoga yangu, jirani wa ua kwa ua, alikuwa anaanika muhogo. Akatupigia kelele:

"Ehee! Leo bi harusi anatembezwa?"

Nami ulimi wangu haujui kulala. Nikamjibu kwa sauti:

"Namwonyesha mume wangu mali yake, asije akasema sikumwonyesha!"

Shoga yangu akacheka akashika ua asianguke. Mjukuu wangu naye akacheka, lakini alitazama chini. Nilidhani ni haya za wageni.

Baada ya pale ndipo kile kioo cheupe kilipotokea. Kilikuwa kioo cha kompyuta, kikubwa, na alikibandua ngozi ya mbele, kautando fulani ka kijivu. Kikiwashwa kilikuwa cheupe tu, cheupe kama shuka ya Ijumaa, hakina mstari wala herufi.

"Kimekuwaje?"

"Kimeharibika, bibi. Nakitengeneza."

Nikakionea huruma. Kila alasiri yeye na mjomba wake walikaa nacho barazani, mimi pembeni na ushonaji wangu wa makuti, wote wawili wamevaa miwani ya kijivu iliyokatwakatwa kwa mkono. Nikawauliza mbona wamevaa miwani ya jua kivulini. Mwanangu akasema weupe ule unaumiza macho. Basi wakawa wanakitazama kile kioo kitupu na kukionyesha kwa vidole.

"Hapa pangekaa vizuri zaidi," anasema mmoja.

"Hapo pana maji chini, haifai."

"Basi sogeza hii huku. Na huu?"

"Huo uache. Bibi ataupenda."

Niliposikia bibi ataupenda nilijaa. Nikasema, wallahi mtoto huyu, katika vyuma vyake huko amenikumbuka. Nikawapelekea chai ya tangawizi. Nikaweka sinia mbele ya kioo kile kabisa, nikainama nikamimina kikombe kwa kikombe, na wao wakangoja nimalize waendelee.

Ijumaa moja walikwenda msikitini wakakiacha kinawaka. Mimi nilikuwa natoa mawe kwenye mchele, na jicho langu la kushoto lina ukungu, mawe meupe hulidanganya. Nikaiona miwani ya mjukuu wangu juu ya mkeka. Nikasema nijaribu, huenda inakuza. Nikaivaa. Mchele haukukua, ulififia tu. Nikainua uso niivue.

Kioo kilikuwa kimejaa shamba langu.

Nililijua kabla sijajua ninachokitazama. Njia ya mchanga, mnyaa, mkorosho wa pikipiki. Limepigwa kutoka juu, kama anavyoliona kunguru. Lakini kisima hakikuwapo. Mahali pake palikuwa na bwawa la buluu lenye umbo la figo, na watu wa kuchorwa wamelala pembeni. Majumba ya wageni yamepangwa ambapo palikuwa na shangazi na baharia na mtoto wa surua. Nikatafuta mashahidi wawili wa mume wangu. Niliwatafuta kwa kidole, nikihesabu kutoka kwenye kisima ambacho hakikuwapo. Palikuwa na mistari myeupe ya kuegesha magari.

Nikavua miwani. Kioo kikawa cheupe. Nikavaa. Shamba likarudi na bwawa lake. Nikalaza kichwa begani kwa uchungu, na picha yote ikapinduka: mchanga ukawa mweusi, majani yakageuka, lile bwawa likawa na rangi ya kutu. Nikakiinua kichwa, ikatulia. Nikaelewa basi kwamba hakikuwa kibovu hata siku moja. Ile ngozi waliyokibandua ndiyo iliyo katika miwani, na asiyekuwa na miwani huketi mbele ya jambo lake akamimina chai.

Kulikuwa na mnazi mmoja uliobaki. Umewekwa katikati, umezungushiwa mawe ya urembo na benchi. Ni wa binti yangu, mama yake. Huo ndio "uache, bibi ataupenda." Katika yote niliyoyaona, huo ndio ulioniketisha chini. Angelikata wote ningesema hajui alitendalo. Lakini aliuchagua. Aliujua upi ni upi kwa sababu nilimtajia.

Nikarudisha miwani mahali pake, nikamaliza mchele. Waliporudi nikawapakulia wali wa nazi na samaki wa kupaka. Walikula vizuri. Nikamwuliza nikiwa nanawa mikono:

"Mume wangu, kioo chako kimepona?"

"Bado, bibi," akasema. "Kitapona, inshallah."

Akaongeza mchuzi.

Nilitaka aseme jingine. Nilimpa mlango, nikasimama pembeni apite, hakupita.

Kesho yake nikaenda kwa shoga yangu. Nilidhani nampelekea habari. Kumbe alikuwa nayo.

"Mbona mimi nilisikia umeshakubali?" akaniuliza, macho yamemtoka. "Mwanao amesema kila mahali. Kwenye hitima ya juzi amesema mama ameonyesha mpaka, imebaki fatiha. Watu wamekaa kimya kwa kukuheshimu, shoga. Wamesema bibi ana sababu zake."

"Nimeonyesha mpaka kwa nani?"

Akaniangalia. Akaweka chini kisu cha muhogo.

"Siku ile," akasema polepole. "Siku ile niliyocheka."

Basi mji mzima ulikuwa umevaa miwani. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa naona shuka.

Jumapili wazee wakaja. Mwanangu alikuwa amewaalika bila kuniambia, au aliniambia kwa namna ya kutoniambia, kwamba watakuja watu wawili watatu kunywa kahawa. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, akaingia na kanzu iliyopigwa pasi, na fimbo.

"Hongera shemeji. Umeutua mzigo."

"Mzigo gani, shemeji?"

Akacheka akidhani natania. Wakaketi. Mwanangu akaanza kwa maneno matamu, kwamba dunia inakwenda, kwamba mama amezeeka hapandi tena shambani kama zamani, kwamba amepatikana mwekezaji mwenye imani, na kwamba kijana wetu msomi atapata mahali pa kufanyia kazi yake hapa hapa nyumbani. Na mama, Mungu amzidishie, ameonyesha mpaka mwenyewe, kwa kiganja chake. Imebaki tuinue mikono.

Mikono ikaanza kuinuka.

"Mimi sikuonyesha mpaka," nikasema.

"Mama!" Mwanangu alitabasamu kama mtu anayemsitiri mgonjwa. "Ulizunguka na wale mabwana au hukuzunguka?"

"Nilizunguka."

"Uligusa alama?"

"Niligusa minazi."

"Na ulisema kwa kinywa chako, namwonyesha mume wangu mali yake. Shahidi yupo. Jirani alisikia."

Shemeji yangu akanigeukia. Hakuwa mtu mbaya. "Shemeji, kama ulisema, umesema. Desturi hatukuitunga sisi."

Nikamtazama mjukuu wangu. Alikuwa ameketi nyuma ya mjomba wake, anakwangua rangi kwenye mguu wa kiti.

Shoga yangu hakualikwa. Wanawake hawakualikwa. Lakini alikuwa kwenye ua wake na muhogo wake, na ua wetu ni wa makuti.

"Shahidi huyo ni mimi," akasema kutoka huko. "Kama mwanitaja, niiteni."

Shemeji akasema aje. Akaja, leso mbili, mikono ina unga.

"Alisema?" shemeji akamwuliza.

"Alisema, hivyo hivyo. Nami nikacheka mpaka mikojo ikanikaribia, mtaniwia radhi. Na huyu kijana akacheka. Na wale wageni wakacheka wasijue wanachekea nini. Sasa nawauliza nyinyi wenye desturi: ni mpaka gani ulioonyeshwa watu wakicheka? Wewe ulipoonyeshwa wako na marehemu babako, nani alicheka?"

"Hakuna," shemeji akasema.

"Nakumbuka. Mlivua viatu."

"Haya ni maneno ya ua kwa ua," mwanangu akadakia. "Mama anajua kila kitu, tumekaa naye barazani kila siku, tumepanga mbele yake."

Hilo ndilo lililonisimamisha. Maana lilikuwa kweli. Walipanga mbele yangu.

"Leteni kioo," nikasema.

Nikaingia ndani nikakileta mwenyewe, waya ukiburuta, nikakiegemeza ukutani, nikamwambia mjukuu wangu akiwashe. Akakiwasha; sijui kwa nini hakukataa. Kikawa cheupe.

"Shemeji, waona nini?"

"Naona shuka."

"Nami ndicho nilichoonyeshwa." Nikamgeukia mjukuu wangu. "Sasa mpe miwani yako."

Mjukuu wangu akaivua shingoni mwake akampa, kwa mikono miwili, kwa adabu, kama alivyofundishwa nami. Shemeji akaivaa juu ya miwani yake ya kusomea. Akarudi nyuma. Akasogea mbele. Akalaza kichwa begani, akakiinua. Wazee wengine wakawa wanatazama uso wake, maana pale palipokuwa na weupe hawakuona kitu. Akanyoosha kidole karibu aguse kioo, akatafuta, kama nilivyotafuta.

"Kaburi la ndugu yangu liko wapi?"

Akawageukia mjomba na mpwa.

"Nauliza ndugu yangu yuko wapi humu?"

"Hapo, babu," mjukuu wangu akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Penye magari. Lingehamishwa kwa heshima."

Miwani ikapita kwa mzee wa pili, na wa tatu. Kila mmoja alitazama kivyake na kuvua kimya kimya. Ilipofika kwa mwanangu hakuivaa, akaikunja. Shemeji alipangusa macho kwa ncha ya kanzu. "Fatiha tuliyokuja nayo tutarudi nayo," akasema, akatafuta fimbo yake. Kahawa haikunywewa. Shamba likabaki lilivyo.

Watu wakanipa hongera. Shoga yangu alipiga vigelegele peke yake huko uani kwake. Mimi niliingia ndani nikalala na leso usoni, maana shamba nilikuwa nalo tangu zamani. Nilichokipoteza siku ile hawakukijua wao.

Mwanangu aliondoka bila kuaga. Mjukuu wangu alikaa hadi alasiri, akafunga mizigo yake, akaja barazani.

"Utafiti ni wa kweli, bibi," akasema. "Vioo vya upenuni ni vya kweli. Nataka ujue."

"Najua."

"Mjomba alisema mnunuzi atanijengea chumba cha kazi. Nisirudi tena bara. Nikae nawe."

"Unikalishe wapi?"

"Hapa."

"Hapa penye magari?"

Akatazama upenuni. Kwenye ule ubao vipande vilikuwa vinarudi kutoka weusini, kimoja kimoja, jua lilikuwa limeshuka.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ungekataa."

"Basi jibu ulikuwa nalo."

Akapiga magoti akaniomba radhi. Nilimpa. Radhi ya mlezi ikizuiliwa humfuata mtu mpaka ndani ya kaburi, na yeye ni yatima, sikuweza. Nilimwekea mkono kichwani nikamsomea, nikamwombea safari njema na kazi yake ifaulu, vioo vyake vistahimili jua. Nilimaanisha. Lakini aliposimama akajaribu, kwa tabasamu la kulia, "Haya, mke wangu, nakwenda," nikamjibu, "Nenda salama, mjukuu wangu." Akalisikia. Alisimama na begi lake kama mtu aliyesahau kitu ndani, kisha akashika njia ya mchanga.

Miwani aliiacha. Sijui kama ni kwa kusudi. Iko kwenye kishubaka cha ukutani, pamoja na ubani.

Huko bara alioa, na mwaka huu mkewe akajifungua. Kitovu kilikuja kwa basi mpaka Ukunda, kimefungwa kwa pamba ndani ya kibweta cha pete, na shoga yangu akakichukua. Nikakifukia. Nikapanda juu yake kitamli, mnazi mfupi, ili mtoto aje aangue madafu bila ya kumngoja mkwezi. Jina la mtoto nimeambiwa, nami nimemwita kwalo pale shimoni, kwa sauti ya chini.

Siku ya pili akapiga, ile simu ya kuonana nyuso. Shoga yangu alinishikia. Uso wa mjukuu wangu ukajaa ndani ya kioo, amekonda, ana ndevu. Akanisalimu shikamoo, nikaitika. Akaniuliza afya, jicho, ubao wa upenuni. Nikamwambia vipande viwili havirudi tena jioni. Vile vingine vizima. Akaandika. Kisha akauliza:

"Bibi, umeupanda wapi?"

"Shambani."

"Upande gani? Karibu na mama?"

"Upo."

"Geuza simu basi niuone."

Shoga yangu alianza kuigeuza. Nikamshika mkono.

"Mlete mtoto," nikasema. "Mkija, nitawatembeza kwa miguu niwaonyeshe."

Jua lilipiga kioo sikumwona vizuri, niliona kivuli tu na uso wangu mwenyewe juu yake. Kisha nikasikia, taratibu, kama mtu anayebisha hodi nyumba asiyojua kama ina watu:

"Sawa, mke wangu. Tutakuja."

"Haya, mjukuu wangu. Mnijulishe mapema nitwange mchele."

Nikamwachia shoga yangu simu yake, nikachukua ndoo nikaenda kisimani, maana ni kiangazi, na kitamli kichanga kikikosa maji siku hizi za mwanzo hakishiki.